Creasy Si Vile Vidole Alikata

Steringi huwa hafi. Kama ulikulia mtaani, hiyo sheria uliijua kabla hujajua wimbo wa taifa. Anaweza kupigwa risasi tano, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, lakini mwisho atatoka kwa moshi akitembea polepole. Ndio maana siku ya kwanza niliona Man on Fire, kibanda kizima kilikataa mwisho wake.

Kilikuwa kibanda cha mabati, benchi za mbao, tivii moja yenye mgongo, na ukilipa mlangoni unaingia na viatu mkononi kama umetoka kwa matope. Tulizoea movi zenye sauti ya DJ Afro, ile mtu anachekeshwa hata wakati wa mazishi. Hii haikuwa na DJ Afro. Ilikuwa Kizungu na Kispanyola, na mwenye kibanda ndiye alikuwa anatutafsiria, akichoka ananyamaza. Haikutusumbua. Denzel alipofunga mikono ya yule jamaa kwenye usukani wa gari, akaanza kumkata vidole kimoja kimoja na kumchoma na kiwashio cha sigara, hatukuhitaji tafsiri. Tulipiga mayowe mpaka mama wa mboga hapo nje akagonga mabati.

Halafu mwishoni steringi akafunga macho ndani ya gari la maadui na hakuyafungua tena. Kimya. Msee mmoja huko nyuma akasema, "Huyo hajafa, amelala tu. Pati tu inakuja." Sote tukakubaliana naye. Tulienda nyumbani tukingoja pati tu.

Nimeikumbuka hiyo siku juu wiki iliyopita ile klipu ya vidole imerudi tena kwa simu yangu. Sekunde arobaini, muziki mzito, na komenti juu kabisa inasema hii ndio dawa ya wezi wetu. Watu wameipenda kwa maelfu. Nami kidole changu kilikuwa tayari kiko juu ya ule moyo mwekundu. Nikakitoa. Usiku huo nikavaa earphone, sista yangu mdogo akiwa amelala kitanda cha pili, nikaiona movi yote kutoka mwanzo mpaka mwisho, dakika 146. Nimetoka na maoni ambayo najua mtanitusi nayo: tumekuwa tukishangilia nusu mbaya ya hii movi.

Kwa wale hawajaiona, wacha niwape stori, na ndio, nitamwaga mwisho wote. Movi ilitoka 2004 na imeongozwa na Tony Scott. Denzel Washington ni John Creasy, mtu aliyefanya kazi za kuua kwa miaka mingi, sasa ni mlevi ambaye ameisha ndani. Rafiki yake Rayburn anamtafutia kazi Mexico City ya kumlinda mtoto wa miaka tisa, Pita, anayechezwa na Dakota Fanning. Watoto wa matajiri wanatekwa huko kama biashara. Pita anatekwa, Creasy anapigwa risasi akijaribu kumtetea, anapona nusu nusu, anaambiwa mtoto ameuawa, na hapo anaanza kuwasaka wote waliohusika, mmoja baada ya mwingine.

Hiyo sehemu ya kusaka ndio klipu zote hutoka. Lakini si ndio movi inaanzia. Pita anatekwa karibu saa nzima ikiwa imeisha. Jiulize, mbona mwongozaji wa movi ya fujo apoteze saa nzima bila fujo?

Angalia kwanza vile Creasy alipata kazi. Samuel, baba ya Pita, ana madeni. Bima yake ya utekaji haiwezi kuendelea kama mtoto hana mlinzi, kwa hivyo wakili wake anamshauri atafute mlinzi yeyote, hata wa bei rahisi, wa kuonekana tu. Na Creasy ni wa bei rahisi kwa sababu anakunywa, na hilo anamwambia Samuel wazi bila kuficha. Yaani huyu steringi wetu aliajiriwa kama karatasi ya kujaza fomu. Hakuna mtu kwa hiyo nyumba alimtarajia alinde kitu.

Mimi hapo nilisimamisha movi nikacheka, juu najua watu kama hao. Estate yetu ina soja wa geti ambaye analindia watu magari ya mamilioni na yeye anakula chai kavu. Na kwa nyumba nyingi Nairobi, mtu anayempeleka mtoto kwa basi la shule asubuhi, anayejua ni rafiki gani anamchokoza na ni somo gani linamliza, ni auntie wa kazi. Mshahara wake hata hatuwezi kuutaja mbele ya wageni. Kazi ya Creasy, ukiondoa bastola, ni kazi ya auntie wa nyumba: kupeleka, kungoja, kurudisha. Tunalipa kidogo kabisa watu tumewaachia kile tunasema ni cha maana kabisa.

Sasa kuja kwa kuogelea. Pita anapenda kuogelea na ana kasi, lakini kila mbio anashindwa. Creasy anamtazama mara moja tu na anaona shida iko wapi. Mtoto anaogopa mlio wa bastola ya kuanzisha mbio. Ikilia, anashtuka kwanza halafu ndio anaruka, na kwa huo mshtuko wenzake wameenda. Basi huyu mtu ambaye maisha yake yote bastola ilikuwa ya kuua, anakaa kando ya bwawa siku baada ya siku akimfunza mtoto kwamba mlio ni mlio tu. Anamwambia hakuna kitu kinaitwa ugumu, kuna aliyezoezwa na asiyezoezwa. Na siku ya mashindano wazazi wako safarini. Anayesimama pale kumshangilia ni mlinzi wa bei rahisi. Pita anashinda.

Kwangu mimi hapo ndipo kuna movi. Mbele kidogo tumeona Creasy akijiwekea bunduki kichwani na risasi ikakataa kutoka. Alikuwa amefika mwisho. Kilichomrudisha hakikuwa kisasi, kisasi kilikuwa bado. Ilikuwa kuulizwa maswali na mtoto mdomo wazi ndani ya gari kila asubuhi. Ilikuwa kusaidia na kazi ya shule. Pombe ilianza kupungua hapo.

Najua kuna msee ashaanza kuandika, "Bro, ni movi ya vita, wacha mafunzo ya kanisa." Sawa. Twende kwa vita basi.

Creasy anaanza msako wake kutoka wapi? Si kwa mateso. Anarudi nyumbani kwa Pita, anapata daftari lake, na ndani kuna namba za gari lililokuwa linawafuata. Si zote, lakini za kutosha. Mtoto aliziandika kwa sababu Creasy alimfunza kuangalia. Kwa hivyo hata ile klipu ya vidole mnaipenda, mlango wake ulifunguliwa na penseli ya mtoto wa miaka tisa.

Na baada ya hapo movi inatucheza, na inatucheza vizuri sana. Hesabu watu wote Creasy anakamata. Kila mmoja ana hatia. Kila mmoja akiumizwa anasema ukweli. Kila jina linalotajwa ni jina sahihi. Hakuna hata mara moja anaingia kwa nyumba si yenyewe. Hakuna mtu anataja jirani yake ndio maumivu yaishe. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi wa stori, Brian Helgeland, anajua nani alifanya nini, na amempa Creasy majibu kabla ya mtihani. Ukiwa na majibu, kisasi ni rahisi na ni kitamu.

Mtaani hakuna mwandishi wa stori.

Sijawahi kuandika hii mahali popote. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka huo huo wa kibanda. Jioni moja tulisikia "mwizi! mwizi!" tukatoka mbio kama kila mtu. Katikati kulikuwa na kijana mmoja, kitu miaka kumi na saba hivi, shati limeraruka, akisema jambo ambalo hakuna mtu alikuwa anasikia. Ati ameiba simu ya mwanamke fulani wa ploti ya nyuma. Watu wazima walikuwa wanapiga. Watoto tulikuwa tunarusha. Mimi nilirusha jiwe. Dogo, la kutoshea mkononi. Sijui kama lilimpata, na hiyo ndio sehemu inanisumbua zaidi, kwamba sikungoja hata kuona. Nilirusha nikageukia rafiki zangu ndio waone nimerusha.

Mzee mmoja wa duka alimwingiza ndani akafunga mlango, la sivyo tairi lilikuwa linakuja. Usiku simu ilipatikana. Ilikuwa imeteleza katikati ya viti vya sofa ya mwenyewe. Yule kijana alipona lakini sikio moja halikurudi kusikia vizuri, na mwezi haukuisha kabla familia yao ihame. Hakuna mtu aliomba msamaha. Wote tulisema "wengine" ndio walipiga.

Kwa hivyo nikiona komenti inasema hii ndio dawa ya wezi wetu, siwezi kucheka nayo. Hiyo dawa nimeionja. Wale wote walikuwa wanajisikia Creasy. Hata mimi na kijiwe changu nilikuwa najisikia Creasy. Kitu tulikosa ni kile kitu kimoja movi inampa yeye bure: uhakika.

Sisemi hasira ni uongo. Mexico wakati huo hasira ilikuwa ya haki. Miaka ya tisini kulikuwa na mtekaji kwa jina Daniel Arizmendi aliyekuwa anakata masikio ya watu na kuyatumia familia zao ndio zilipe haraka. Alikamatwa 1998. Na Juni 2004, miezi michache tu baada ya hii movi kutoka Marekani, maelfu kwa maelfu ya watu walijaza barabara za Mexico City wakiwa wamevaa nyeupe, wakiandamana kimya kupinga utekaji. Kwenye movi, polisi wa kikosi cha kupambana na utekaji ndio hao hao wanaohusika. Ukipiga simu ya msaada, unampigia adui. Mtu akiwa hapo, kweli unamwambia angoje mahakama?

Hatuhitaji kwenda Mexico kuelewa hiyo. 2024 baada ya maandamano, vijana wa rika letu walikuwa wanachukuliwa na watu wasiovaa sare, kwa magari yasiyojulikana. Kuna usiku nililala na simu mkononi nikiangalia kama rafiki yangu "ako online." Na ndio, nilitamani Creasy. Nilitamani mtu mmoja asiyeogopa, asiyeomba ruhusa, aingie huko kwao na kuwaleta nyumbani.

Lakini hebu tukumbuke vizuri kilichofanyika. Watu walipiga kelele za majina. Mama walisimama mbele ya kamera wakilia bila aibu. Mawakili walienda kortini wakitaka vijana waletwe, wazima au la. Wageni kabisa walisambaza picha za watoto si wao. Januari 2025 baadhi yao waliachiliwa. Wengine mpaka leo familia zao zinangoja. Si hadithi tamu, haina muziki mzito, huwezi kuikata klipu ya sekunde arobaini. Lakini hata mmoja wa wale waliorudi hakurudi kwa sababu kuna mahali mtu alikatwa vidole. Walirudi juu watu walikataa kunyamaza, na kukataa kunyamaza ni kazi ya mlinzi.

Turudi kwa movi, juu kuna mambo mawili ya mwisho ambayo kibanda chetu hakikuelewa.

La kwanza ni baba. Creasy akipanda ngazi ya hawa watu, kutoka madereva mpaka polisi wakubwa, anafika mahali ngazi inageuka na kurudi nyumbani. Samuel mwenyewe alikubali mtoto wake atekwe ndio bima ilipe na yeye atoke kwa deni. Alidhani ni mchezo wa siku mbili tatu, Pita atarudi mzima. Mtoto aliyenunuliwa mlinzi aliuzwa na mwenye nyumba. Creasy hamkati vidole huyu. Anamwachia ile risasi iliyokataa kumuua yeye, na safari hii haikatai.

Tunafunza watoto waogope mtu asiyejulikana mwenye pipi. Sawa, wafunzwe. Lakini mara ngapi umesikia kesi ya mtoto mtaani na aliyefanya akawa mgeni? Ni mjomba. Ni jirani wa kuaminika. Ni mtu ana namba ya mama kwa simu. Ukingoja adui mwenye sura ya adui, utamkaribisha chai yule mwenyewe.

La pili ni mwisho. Hii stori ilitoka kwa kitabu cha A. J. Quinnell cha 1980, kilichowekwa Italia, na kwa kitabu msichana anakufa na mlinzi anabaki hai. Movi ya 2004 imegeuza. Pita yuko hai. Bosi wa watekaji, yule wanamwita Sauti, anapoona Creasy amemkamata ndugu yake, anasema ukweli kwa simu: mtoto hajafa, tubadilishane.

Angalia vizuri kinachotendeka kwa huyo mtu hapo. Damu yote aliyomwaga aliimwaga kwa ajili ya maiti ambayo haikuwepo. Alikuwa analipia kifo. Akisikia tu Pita anapumua, kisasi kinaisha palepale. Hasakamani tena. Hataki hata kuona uso wa Sauti. Anatembea mpaka kwa daraja, akiwa ametobolewa risasi, anapiga magoti, mtoto anamkimbilia, anamkumbatia, anamwambia aende kwa mama yake. Na yeye anaendelea upande wa pili, bila silaha, na kile kimedali cha mtakatifu Yuda alichopewa na Pita. Analala kwenye gari la maadui na anakufa. Sauti anauawa baadaye na polisi. Steringi hakumuua bosi wa mwisho. Mnaelewa hiyo? Kwa movi ya kisasi, kisasi chenyewe aliachia mtu mwingine.

Najua jibu lenu: bila ule ukatili asingemkamata huyo ndugu, na bila ndugu hakuna kubadilishana. Ni kweli, stori imejengwa hivyo, na sitajifanya haijajengwa. Movi yenyewe inataka tule kuku na bado tumfuge. Ndio maana wahakiki wengi waliiponda ilipotoka, na ndio maana watu wa kawaida wameipenda miaka yote hii. Lakini nikijiuliza nini kilimfanya Pita amkimbilie kwa lile daraja, jibu si vidole. Pita hajui habari ya vidole. Anamjua mtu aliyesimama kando ya bwawa.

Nilipomaliza ilikuwa saa nane usiku. Sista yangu ana miaka tisa pia. Shule yao hutoka saa tisa u nusu na mimi ndio humchukua stage, Jumatatu mpaka Ijumaa, na ukweli ni kwamba hufika nimechelewa mara nyingi nikiwa nimeinamia hii simu. Yeye hukaa kwa jiwe karibu na mama wa mahindi, akihesabu mathree. Ningeulizwa nitamfanyia nini mtu akimgusa, ningekupa jibu la movi mzima, na vidole ndani. Lakini hajawahi kuguswa. Anachohitaji kila siku ni mtu afike saa tisa u nusu.

Asubuhi nilimwambia tucheze mchezo, kila gari linalopita mara mbili aandike namba zake. Akaniuliza za nini. Nikamwambia ni za hesabu. Akaniangalia vile huniangalia nikidanganya. "Sawa," akasema. "Lakini leo usichelewe."

Sikuchelewa. Hiyo ni siku moja, wacha nisijipigie makofi.

Sasa kwa komenti, mnitusi vile mnataka, lakini kwanza mniambie hii: wewe, mtu aliyekufunza usishtuke bastola ikilia alikuwa nani? Na ulishawahi kumwambia asante?